Kutoa kuanzie nyumbani: vizibo, mayai na chenji ya gengeni



Leo sitazungumzia viwavijeshi wala chanjo ya kideri. Nataka tuzungumze kuhusu hesabu za kutoa kwa watoto wadogo, wale wa awali hadi darasa la pili. Najua wapo watakaouliza afisa ugani na hesabu za watoto ni wapi na wapi. Jibu langu ni fupi. Nusu ya kazi yangu ni hesabu, na hesabu inayowasumbua wakulima na wafugaji wengi ni ya kutoa. Kujumlisha wanajumlisha vizuri tu. Mtu anakwambia bila kusita kwamba mwezi huu ameuza trei sita za mayai na anakutajia hela yote aliyopokea. Ukimuuliza zimebaki ngapi baada ya pumba, dagaa wa kuku, dawa na nauli ya daladala kutoka Buhongwa mpaka mjini na kurudi, anaanza kukuna kichwa. Faida ni jibu la hesabu ya kutoa. Asiyetoa hajui kama anapata au anakula mtaji wake mwenyewe, na wapo waliofuga miaka mingi bila kujua.

Tatizo hilo halianzii ukubwani. Linaanza pale mtoto wa miaka saba anapoona alama ya kutoa kwenye daftari akaamua kwamba hesabu si zake. Akishaamua hivyo, kumrudisha ni kazi kubwa.

Sasa msimamo wangu ndio huu: kutoa kunatakiwa kuanzia nyumbani, kwa vitu vya kushika na kwa michezo, kabla hakujafika kwenye daftari. Wazazi wengi wa huku kwetu tunaamini ni kazi ya mwalimu peke yake, na mtoto akishindwa tunamlipia tuisheni ya jioni. Mtoto wa miaka sita ameamka alfajiri, ametembea kwenda shule na kurudi, halafu saa kumi na moja jioni anakalishwa tena kwenye benchi kuandika yale yale yaliyomshinda asubuhi. Hiyo hela mnunulie mayai ale.

Walimu siwalaumu. Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili waliletewa mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na nia yake ilikuwa nzuri kabisa: mtoto aache kubebeshwa masomo mengi, ashike kwanza misingi. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Lakini kata za pembezoni mwa jiji kama yetu zinakua kila mwaka, nyumba mpya zinapanda hadi juu ya mawe, na watoto wa nyumba hizo lazima wasome mahali. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kupita kwa kila mtoto kuangalia anahesabuje vijiti vyake. Ataandika ubaoni, watoto watanakili, na wale watano wa mbele watajibu kwa sauti kubwa kwa niaba ya wengine wote. Watu wa Uwezo, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kupima watoto kwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, yakiwamo ya kutoa, wamekuwa wakikuta hata wa madarasa ya juu wanaoyashindwa. Wewe mzazi unaye mmoja, wawili, watatu. Una nafasi ambayo mwalimu hana.

Kwa nini kutoa kunawashinda

Angalia tunavyofundisha kuhesabu. Mtoto anaimbiwa moja mbili tatu tangu akiwa mgongoni. Kwenye kombolela anahesabu kwenda mbele, kwenye kuruka kamba anahesabu kwenda mbele. Kurudi nyuma hajawahi kuimbiwa na mtu. Halafu siku moja anaambiwa "tisa toa nne", na kichwani hana njia ya kurudi nyuma kutoka tisa. Anaanza upya moja mbili tatu, anapotea katikati, na mtu mzima amesimama pembeni anamharakisha.

Dawa ya kwanza basi haina gharama yoyote: mhesabishe kurudi nyuma. Mnashuka kilima kutoka kwa bibi, hesabuni hatua kumi mkirudi nyuma mpaka sifuri. Watoto wanataka kushindana mbio hadi kwenye mwembe, waanze kwa "tano, nne, tatu, mbili, moja, haya!" Baada ya wiki mbili za hivyo, tisa toa nne inakuwa ni kurudi hatua nne tu kutoka tisa.

Sababu ya pili ni kwamba kutoa kuna sura zaidi ya moja, na sisi tunafundisha moja. Ulikuwa na maembe manane, umekula matatu, yamebaki mangapi: hiyo ndiyo tunayoifundisha. Lakini kuna "Juma ana manane, Asha ana matano, Juma anamzidi Asha kwa mangapi?" Hapo hakuna kilichoondolewa, maembe yote yapo, na mtoto akisikia neno "anamzidi" anajumlisha na kukujibu kumi na tatu. Na kuna ya tatu: "Nina matano, nataka yafike manane, bado mangapi?" Zote tatu kwenye daftari zinaandikwa kwa alama moja, kadistari kafupi. Mtoto aliyezoea ile ya kula maembe tu akikutana na hizo mbili anaonekana mjinga, kumbe hajafundishwa.

Mchezo wa kuficha

Kama unataka mchezo mmoja tu, chukua huu na mengine yaache. Tafuta vizibo vitano vya soda na kikombe cha plastiki kisichoonyesha ndani. Vizibo vimejaa chini nje ya kila duka hapa center, utapata vya bure. Mwambie mtoto avihesabu: vitano. Afumbe macho. Wewe funika vingine kwa kikombe na uache vingine nje. Akifumbua anaona vitatu. "Nimeficha vingapi?" Akijibu, inua kikombe mhakikishe pamoja. Halafu zamu yake akufiche wewe, na hapo ndipo raha ilipo, maana mtoto anapenda sana kumshinda mtu mzima. Wakati mwingine jibu vibaya kwa makusudi akusahihishe.

Usiwe na haraka ya kuongeza vizibo. Kaa na vitano mpaka ajibu bila kufikiri: vitatu nje, viwili ndani, kimoja nje, vinne ndani, vitano nje, ndani sifuri. Hiyo sifuri msiiruke, inawachanganya wengi wanaodhani kila hesabu lazima ibakize kitu. Nenda sita, saba, pole pole mpaka kumi. Ukifika kumi, kaa hapo muda mrefu kuliko kote. Mtoto anayejua kwa moyo kwamba saba na tatu hukamilisha kumi, sita na nne hukamilisha kumi, ana ufunguo wa hesabu zote zinazofuata, zikiwamo za mamia na maelfu.

Ninaupenda mchezo huu kwa sababu hauhitaji mzazi aliyesoma. Bibi asiyejua kuandika jina lake anaucheza vizuri kabisa. Na uchezeni kwa lugha ya nyumbani kwenu. Kama nyumbani ni Kisukuma, hesabuni kwa Kisukuma. Vizibo havibadiliki idadi kwa sababu ya lugha, na mtoto akishaelewa jambo lenyewe, Kiswahili cha shuleni kitamkuta tayari.

Vidole je? Kuna watu wazima wanawapiga watoto vidole wakiwaona wanavitumia kuhesabia. Sikubaliani nao. Mtoto wa darasa la kwanza aachwe avitumie atakavyo. Vidole ni kumi, vinakwenda naye kila mahali na havipotei. Siku akishajua jibu kwa moyo ataviacha mwenyewe, kama alivyoacha kutambaa.

Bandani na kwenye trei

Wafugaji wa kuku wa kienyeji mnayo shule nzuri kuliko mnavyodhani. Asubuhi kuku wanatoka, jioni wanarudi. Mpe mtoto kazi hiyo iwe yake: asubuhi ahesabu waliotoka, achore mistari kwa mkaa kwenye ubao wa mlango wa banda, jioni ahesabu waliorudi. Wametoka 14, wamerudi 11. Hapo hakuna haja ya kumwambia "sasa fanya hesabu ya kutoa". Atakimbia mwenyewe kukwambia watatu hawapo, na mtatoka kuwatafuta kabla giza halijaingia na kicheche hajawahi. Kutoa hapo kuna maana. Jibu linaamua kama mnalala au mnawasha tochi. Nami kama mtu wa ugani ninafaidi pia, maana nyumba yenye mtoto wa namna hiyo nikiuliza vifaranga vingapi vimekufa wiki hii napewa namba. Kwingine najibiwa "vingi vingi tu".

Trei ya mayai nayo ni ubao wa hesabu uliotengenezwa tayari. Ina nafasi 30, safu tano za sita sita. Mayai yakiwa hayajajaa, muulize: "Bado mangapi trei ijae?" Nafasi tupu anaziona kwa macho. Kwanza atazihesabu moja moja. Baada ya muda utamsikia anasema safu moja nzima ni sita na hapa kuna tundu moja, basi saba. Maana yake mayai ni 23, na ametoa 23 kwenye 30 bila kushika kalamu. Hii ndiyo ile sura ya tatu niliyoitaja, ya kukamilisha. Kama hufugi, trei tupu zinapatikana kwa wauza chipsi, na kokoto zinatosha kuwa mayai. Mayai yenyewe usimpe achezee, hasara itakuwa yako.

Sura ya kulinganisha mnayo kila siku kwenye sinia. Watoto wawili wamegawiwa matobolwa, mmoja anaanza kulia kwamba mwenzake kapewa mengi. Kabla hujaamua kesi, waambie wayapange chini mistari miwili, moja langu moja lako, yakitazamana. Yale yasiyokuwa na mwenzake ndiyo tofauti. Kama ni mawili, waulize wafanyeje ili yawe sawa. Wengi watasema yule mwenye mengi atoe mawili, watajaribu, na watashangaa kuona sasa yule wa kwanza ndiye amepungukiwa. Waache wabishane mpaka wagundue wenyewe kwamba ni la kuhamisha moja. Mimi nimeona ubishi huo ukichukua robo saa, na hakuna aliyekumbuka tena kulia.

Mdako

Mchezo wa mdako wengi tumeucheza, na bado unachezwa nje ya nyumba hizi hizi. Shimo dogo, kokoto ndani, unarusha jiwe moja juu, kabla halijatua unakokota kokoto nje ya shimo, unalidaka. Unarusha tena unazirudisha, unabakiza moja ambayo ni yako. Mchezo mzima ni kujumlisha na kutoa. Ongezeni kanuni moja tu: kabla ya kurusha mara ya pili, mchezaji ataje ndani ya shimo zimebaki ngapi bila kuchungulia. Zilikuwa 12, ametoa tano, aseme saba. Akikosea zamu inahama.

Tahadhari hapa. Ukiwaambia ni hesabu za shule, watahamia nyumba ya jirani kucheza kwa amani. Kaa chini, cheza nao, kanuni yako iingize kama ubabe wa mchezo. Na wavulana msiwazuie kwa kusema ni mchezo wa wasichana.

Chenji

Hapa nakuja kwenye jambo linaloniudhi. Mtoto anatumwa gengeni na shilingi 1,000, anunue nyanya za 500 na kitunguu cha 200. Anarudi na 200. Badala ya kukaa naye muone mia imeenda wapi, anachapwa. Labda imedondoka njiani. Labda muuza genge amekosea, nao wanakosea. Labda mtoto hakujua arudishiwe ngapi. Fimbo haijibu hata moja kati ya hayo. Inachomfundisha ni kuogopa kutumwa, na kuogopa hela.

Fanya hivi. Kabla hajatoka mlangoni muulize, "Utarudi na shilingi ngapi, mwanangu?" Asipojua, kaeni na sarafu za mia mia kumi, mtenge za nyanya, mtenge za kitunguu, mwone zilizobaki. Mwambie hesabu kwa mia: una mia kumi, unatumia mia saba, zinabaki mia tatu. Mtoto aliyecheza vizibo vya kumi hapo haumii kichwa, kumi toa saba ameshaijua. Lakini ukimwandikia 1,000 toa 700 kwenye daftari, sifuri zile zote zitamtisha. Watoto wa mjini wanajua vizuri kwamba buku ukitoa jero inabaki jero, hata kabla hawajafika ukurasa wenye mamia. Vitabu vinaanza na namba ndogo, ni sawa, lakini siku hizi hakuna kitu cha shilingi saba dukani. Hela ya mtoto wetu inaanzia hamsini na mia.

Halafu mfundishe jinsi wauzaji wenyewe wanavyorudisha chenji. Wengi hawatoi kabisa. Wanapanda. Bidhaa ni 700: anaweka sarafu mkononi mwako akisema "mia nane, mia tisa, elfu". Sarafu tatu. Hiyo ni kutoa kwa njia ya kupanda, na ni njia halali, wala si ujanja wa mtaani. Mchezeni duka jioni, yeye awe muuzaji, makopo ya maziwa na maboksi ya sabuni yawe bidhaa, na akurudishie chenji kwa kupanda hivyo.

Hili halikuanza na mimi. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi walioufanya katika mji wa Recife, Brazil. Waliwaendea watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mtaani, wakanunua kwao kama wateja wa kawaida na kuangalia wanavyohesabu bei na chenji. Walipatia karibu zote, asilimia 98. Baadaye watoto wale wale wakapewa hesabu zile zile kwa karatasi na kalamu, bila bidhaa wala mteja. Wakapatia asilimia 37. Watoto ni wale wale na namba ni zile zile. Watoto watano ni wachache, lakini nenda stendi ya Nyegezi uwaangalie wanaouza maji na karanga dirishani mwa mabasi, halafu uniambie kama hao hawajui kutoa. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaonyesha kwamba kile wanachokifanya dirishani na kile cha ubaoni ni kitu kimoja. Sisemi watoto wapelekwe kuuza karanga. Nasema hesabu ya ubaoni ishikane na ile wanayoijua.

Kukopa kumi

Ikifika darasa la pili inakuja ile ya kukopa, na hapa wengi wanakwama. 32 toa 17. Mtoto anaona mbili na saba, haiwezekani mbili kutoa saba, basi anageuza: saba toa mbili, tano. Tatu toa moja, mbili. Anaandika 25 na anaondoka akiwa na furaha. Ukimwambia "kopa kwa jirani" atakariri maneno bila kujua nani jirani na anakopesha nini.

Kateni vijiti, hata vya mabua ya mtama au njiti za ufagio. Fungeni mafungu ya kumi kumi kwa uzi. Thelathini na mbili ni mafungu matatu na vijiti viwili pembeni. Kiswahili kinatusaidia vizuri kwenye kumi na moja hadi kumi na tisa, maana "kumi na tatu" inajieleza yenyewe, lakini kuanzia ishirini kinaficha. Hakuna kinachomwonyesha mtoto kwamba thelathini ni kumi tatu. Kwa hiyo kwa muda muite "makumi matatu na mbili", kwa sauti, mpaka azoee.

Sasa mwambie akupe vijiti kumi na saba. Fungu moja anakupa. Bado saba, na pembeni vipo viwili tu. Usimwambie kitu. Kaa kimya. Atatazama mafungu, atakutazama, na mapema au baadaye atafungua uzi wa fungu moja. Hicho ndicho kukopa. Amepata vijiti kumi na viwili, anakupa saba, vinabaki vitano na fungu moja: kumi na tano. Akishafungua uzi mara nyingi kwa mikono yake, ile alama ya kukata tatu na kuandika mbili juu yake kwenye daftari itakuwa picha ya kitu alichokifanya. Msirukie daftari kabla ya hapo.

Nimeulizwa muda wa haya yote utatoka wapi, mama ametoka shamba, baba yuko kwenye bodaboda mpaka usiku. Dakika kumi zinatosha, na nyingi ya kazi hizi mnazifanya tayari: kuku lazima wahesabiwe, mayai lazima yapangwe, mtoto lazima atumwe gengeni. Ni kuuliza swali moja la ziada na kusubiri jibu. Ugumu uko kwenye kusubiri. Sisi watu wazima tunajibu haraka mno.

Kwa wale wakubwa kidogo, wa darasa la pili kwenda la tatu, nimalizie na saa. Sisi tunatoa kila siku tukisema "saa tatu kasorobo" au "saa nne kasoro dakika kumi", kwa hiyo muulize mtoto kasoro ni kutoa nini kwenye nini. Halafu mpe simu. Simu nyingi zinaonyesha saa za Kizungu: ikiandika 9:00 asubuhi, kwetu ni saa tatu. Ikiandika 11:00, ni saa tano. Mwache atafute mwenyewe anatoa ngapi kila mara, atagundua ni sita. Akishajivuna kwamba ameipata, subiri siku mmeamka alfajiri, simu inaonyesha 5:00. Muulize tano toa sita ni saa ngapi, na usimsaidie.